Uzi: Tiba ya wanandoa Marekani, mume na mke wakiwa na bima tofauti – itolewe kadi ya nani?

#1 Mleta uzi

Ndugu zangu mlioko Marekani, nimeona nifungue uzi huu kwa sababu swali hili linanijia mara kwa mara kutoka kwa Waswahili wenzetu. Mume ana bima ya kazini kwake, mke ana bima ya kazini kwake, wamekubaliana kwenda kwa mtaalamu wa tiba ya wanandoa, lakini wakifika mapokezi hawajui ni kadi ipi itolewe. Kazi yangu ni kuandaa na kufuatilia madai ya bima kwa niaba ya wataalamu wa afya ya akili, kwa hiyo nitalieleza jambo hili kama linavyoonekana upande wa karatasi, na wenye uzoefu wa kukaa kwenye kiti cha mteja watajazia.

Jambo linalobeba mengine yote ni kwamba bima ya afya ya Marekani hailipii ndoa, inalipia ugonjwa wa mtu mmoja. Dai linalotumwa kwenye kampuni ya bima huandikwa kwa mpangilio wa fomu ya ukurasa mmoja iitwayo CMS-1500. Kisanduku cha 2 ni cha jina la mgonjwa, cha 3 ni cha tarehe yake ya kuzaliwa, cha 21 ni cha ugonjwa wake, na cha 24 ni cha huduma aliyopewa. Hakuna mahali pa kuandika mgonjwa wa pili. Hata mkiingia wawili na kuzungumza wawili kwa dakika 50, mmoja wenu atasomeka kuwa mgonjwa, na mwenzake atahesabiwa kuwa mwanafamilia aliyehudhuria ili kusaidia tiba ya mgonjwa huyo. Kwa hiyo anayeuliza "tutumie kadi ya nani" anauliza pia, apende asipende, ni nani kati yao ataandikwa kuwa anaumwa.

Kwenye dai, kila huduma na kila ugonjwa una namba yake. Kikao cha wawili hutumwa kwa namba 90847, yaani tiba ya familia mgonjwa akiwepo. Akija yule asiye mgonjwa peke yake, namba inakuwa 90846, na si kila mpango wa bima unailipia. Namba 90834 na 90837 ni za kikao cha mtu mmoja, na hazipaswi kutumika kuficha kikao ambacho kwa kweli kilikuwa cha ndoa. Kwenye kisanduku cha ugonjwa ipo namba Z63.0, inayomaanisha matatizo katika uhusiano na mwenzi, na ndiyo ambayo wanandoa wengi wangestahili kuandikiwa kama hakuna kingine. Tatizo ni kwamba kampuni nyingi hurudisha dai ambalo namba hiyo ndiyo sababu yake kuu, kwa hoja kwamba kutoelewana nyumbani si ugonjwa. Ipo sheria ya mwaka 2008 inayozitaka bima zinazogharimia afya ya akili zisiibane kuliko zinavyobana magonjwa ya mwili, na ipo sheria ya mwaka 2010, ile wengi wanayoiita Obamacare, iliyoingiza afya ya akili katika huduma za msingi za mipango ambayo watu binafsi na kampuni ndogo hununua. Zote mbili zina faida kubwa, lakini hakuna kati yake iliyougeuza ugomvi wa ndoa kuwa ugonjwa.

Nafahamu kwamba hapa ndipo wengi wetu tunapoona ugumu, kwa sababu tumelelewa tukijua kwamba ndoa ikitetereka inapelekwa kwa wazee wa pande mbili, kwa mshenga, kwa sheikh au kwa mchungaji. Tanzania hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka, isipokuwa katika mazingira machache, mgogoro upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla mahakama haijapokea maombi ya talaka. Katika vikao vyote hivyo hakuna anayeulizwa nani mgonjwa. Huku, ukitaka bima itoe hata senti moja, swali hilo haliepukiki, na ni afadhali mlijibu nyumbani mkiwa mmetulia kuliko mlijibu dirishani huku karani akisubiri.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuseme mtaalamu mmoja yumo kwenye mtandao wa bima zote mbili, yaani ana mkataba nazo, na bei aliyokubaliana nazo ni dola 120 kwa kikao. Bima ya mume inamtaka ajilipie mwenyewe dola 3,000 za kwanza kila mwaka kabla haijaanza kuchangia, na baada ya hapo achangie asilimia 20. Bima ya mke inamtaka atoe dola 30 tu kila anapomwona mtaalamu, bila kungoja kiasi chochote kitimie. Kwa vikao 12, kadi ya mume ni dola 1,440 na kadi ya mke ni dola 360, na hapo kila mtu angesema jibu liko wazi. Lakini kama mume alilazwa mwezi wa tatu na zile dola 3,000 zimekwisha kutimia, kikao kimoja kitamgharimu dola 24, na vikao 12 vitakuwa dola 288. Maana yake ni kwamba hamwezi kujua kadi iliyo nafuu kwa kusoma maandishi ya kadi. Ni lazima mjue pia kila mmoja amefikia wapi katika mwaka wake wa bima, na kama mtaalamu yumo kwenye mtandao wa mpango wenu mahususi, kwa sababu kampuni moja huwa na mipango mingi na mtaalamu anaweza kuwa kwenye mmoja na asiwe kwenye mwingine.

Hata hivyo, na hapa nasema kwa uzito wote, kadi iliyo nafuu haiwezi kumchagua mgonjwa. Mtaalamu anaandika ugonjwa aliouona baada ya kumchunguza mtu. Ikiwa mke hapati usingizi, amepoteza hamu ya kula na moyo unamwenda mbio tangu mambo yaharibike nyumbani, huenda ana tatizo la kweli ambalo lina jina na namba yake, na vikao vya wawili vinaweza kuwa sehemu halali ya tiba yake. Ikiwa ana afya njema na anayeumwa ni mume, hakuna kadi nafuu itakayobadili ukweli huo.

#2 Mchangiaji, Houston

Nashukuru kwa maelezo haya, maana mimi na mke wangu tumo katika hali hii hii. Naomba niulize mambo mawili. La kwanza, kwa nini mtaalamu asitume nusu ya gharama kwenye bima yangu na nusu kwenye bima ya mke wangu, ilhali sote wawili tumo chumbani? La pili, mke wangu ana bima ya kazini kwake, lakini pia nimemweka kwenye bima yangu kama mtegemezi. Je, hilo linatusaidia?

#3 Mleta uzi

Kaka wa Houston, la kwanza haliwezekani. Kikao kimoja ni huduma moja kwa mgonjwa mmoja. Mtaalamu akituma dai kwa bima yako kana kwamba alikuona peke yako, kisha akatuma jingine kwa bima ya mkeo kana kwamba alimwona peke yake, ilhali mlikuwa pamoja kwa saa ile ile, huo ni udanganyifu wa bima na unaweza kumpotezea leseni. Mkikutana na mtu anayewaahidi hivyo, muondoke. Wapo wanaouliza kama inafaa kupokezana, wiki hii kadi ya mume na wiki ijayo kadi ya mke. Hilo linaweza kusimama pale tu ambapo kila mmoja amefanyiwa uchunguzi wake, ana ugonjwa wake wa kweli, ana jalada lake na mpango wake wa tiba, na kikao husika kilikuwa kwa ajili ya tiba ya yule aliyeandikwa siku hiyo. Wataalamu wengi hawapendi kuendesha mambo namna hiyo, na nawaelewa. Utaratibu ninaouona ukienda vizuri zaidi, pale wote wawili wanapoumwa, ni kila mmoja awe na mtaalamu wake wa binafsi kwa kadi yake, halafu vikao vya pamoja viende kwa mtaalamu wa tatu kwa kadi moja.

La pili ndilo lenye manufaa, na wengi hawalijui. Mtu mmoja akiwa na bima mbili, bima ya mwajiri wake mwenyewe hulipa kwanza na ile ambayo yeye ni mtegemezi hufuata. Kwenye fomu niliyoitaja, kisanduku cha 11d kinauliza kama mgonjwa ana bima nyingine. Kwa hiyo mkeo akiwa ndiye mgonjwa, dai litaenda kwanza kwa bima yake, kisha litakalobaki litaenda kwa bima yako. Ikiwa mgonjwa ni wewe, na hukuandikishwa kwenye bima yake, yake haihusiki hata kidogo, ingawa yeye yumo chumbani. Msitarajie pia kwamba bima ya pili itafuta kila kitu, kwa maana kama yako ina kile kiasi cha kujilipia kwanza na hakijatimia, inaweza kupokea dai, ikalisoma, na isitoe chochote zaidi ya kuhesabu.

Nyote wawili zipigieni simu kampuni zenu na muwaambie waziwazi kwamba ipo bima nyingine. Madai mengi ninayoyaona yamekwama miezi miwili au mitatu yamekwama kwa sababu kampuni ilituma barua ya kuuliza jambo hilo, na barua ikabaki mezani bila kufunguliwa.

#4 Mchangiaji, Minneapolis

Ndugu mleta uzi, umeeleza hesabu vizuri, lakini naomba wanawake na wanaume wanaosoma hapa wasilipite haraka lile neno "mgonjwa". Sisi tulitumia kadi yangu kwa sababu bima yangu ilikuwa nafuu, na mimi kwa kweli nilikuwa na wasiwasi uliokithiri, kwa hiyo kilichoandikwa hakikuwa uongo. Mume wangu alikubali kwa urahisi kabisa. Baadaye tulipogombana, aliwapigia simu ndugu zake nyumbani akawaambia kwamba hata hospitali imethibitisha kuwa tatizo ni mimi, kwamba jina langu ndilo lililoko kwenye karatasi. Mama mkwe alinipigia kunipa pole ya ugonjwa ambao hakuna aliyemweleza vizuri. Mtaalamu hakuwahi kusema kwamba mimi ndiye chanzo. Alisema kila mara kwamba anatibu namna tunavyoishi wawili. Lakini karatasi ina jina moja, na nyumbani kwetu karatasi ndiyo iliyoaminika. Ningependa kujua kuna kinga gani kwa mtu aliyekubali kubeba jina hilo kwa faida ya wote wawili.

#5 Mleta uzi

Dada, pole sana, na nakushukuru kwa kulileta jambo hili, kwa sababu upande wa karatasi hatuoni yanayotokea baada ya karatasi kufika nyumbani.

Kila dai likishashughulikiwa, kampuni ya bima hutuma taarifa ya mchanganuo wa malipo, ambayo huwa na maandishi makubwa kwamba hiyo si bili. Ndani yake kuna jina la mgonjwa, tarehe, aina ya huduma, mtaalamu alidai kiasi gani na bima imekubali kiasi gani. Taarifa hiyo kwa kawaida hutumwa kwa mwenye bima. Kama wewe ni mtegemezi kwenye bima ya mumeo, basi bahasha inafika kwa jina lake. Sheria ya faragha ya afya, HIPAA, inampa mgonjwa haki ya kuiomba kampuni ya bima imtumie taarifa zake kwa anwani nyingine au kwa njia nyingine, na akieleza kwamba taarifa hizo zikivuja anaweza kudhurika, kampuni inawajibika kulitekeleza ombi hilo lililo la busara. Huhitaji wakili. Pigia kampuni, omba fomu ya mawasiliano ya siri, ijaze, na ubaki na nakala.

Pia kabla ya kikao cha kwanza mwombeni mtaalamu awaeleze, wote wawili mkiwa mbele yake, jalada litakuwa la nani, nani anaweza kuomba nakala, na itakuwaje siku mmoja akitaka nakala hiyo kwa ajili ya kesi ya talaka au ya malezi ya watoto. Wataalamu makini wana karatasi ya makubaliano kuhusu jambo hilo na huwataka nyote mtie saini. Ugonjwa ulioandikwa hubaki kwenye kumbukumbu zako za afya, na kampuni za bima ya maisha huuliza habari za afya ya akili pale unapoomba bima, kwa hiyo anayekubali kuandikwa ana haki ya kuambiwa hilo mapema na si baada ya dai la kwanza kwenda. Kwa maoni yangu, mtaalamu ambaye anachukua kadi mbili mezani na kuchagua mwenyewe kimyakimya amewakosea nyote wawili hata kama hakuvunja sheria.

Kwa mume au mke ambaye mwenzake ndiye aliyeandikwa: huyo amekubali kubeba jina ili nyote mpate tiba kwa bei mnayoimudu. Kulitumia jina hilo dhidi yake mbele ya ndugu ni kumdhulumu, na mimi nalisema hivi kama Mswahili mwenzenu na si kama karani wa madai.

Na kama nyumbani kuna kipigo au hofu, tafadhali usianzie kwenye vikao vya wawili wala kwenye hesabu za bima. Simu ya taifa ya msaada dhidi ya ukatili wa majumbani ni 1-800-799-7233, iko wazi saa zote, haina malipo, na unaweza kuomba mkalimani.

#6 Mchangiaji, dereva wa lori

Mimi naendesha lori la kwangu mwenyewe, kwa hiyo bima yangu niliinunua kwenye soko la serikali, lile la Obamacare, na niliichukua ile ya bei ndogo ya mwezi ambayo inanitaka nijilipie kiasi kikubwa kwanza. Mke wangu anafanya kazi hospitalini na bima yake ni nzuri. Shida yangu ni kwamba siku nyingi sipo nyumbani. Je, vikao vinaweza kufanyika kwa video nikiwa barabarani? Na je, kuna ubaya gani tukimtumia mshauri wa Nairobi au Dar es Salaam anayezungumza lugha yetu?

#7 Mleta uzi

Kaka dereva, leseni za wataalamu hawa hutolewa na majimbo, na kinachoangaliwa ni mahali mteja alipo wakati wa kikao. Ukiegesha lori Oklahoma ukaingia kwenye video na mtaalamu mwenye leseni ya Texas peke yake, yeye anaweza kuwa anafanya kazi mahali asiporuhusiwa, na wataalamu waangalifu huuliza mwanzoni mwa kila kikao, "Leo mko wapi?" Mkeo akiwa nyumbani na wewe ukiwa jimbo jingine, wengine watakataa kuendelea. Kwa wanasaikolojia upo mkataba baina ya majimbo uitwao PSYPACT, ambao majimbo zaidi ya 40 yameshajiunga nao, na mwenye kibali chake anaweza kuwahudumia watu walioko katika majimbo hayo kwa video. Mkataba huo hauwahusu wataalamu wa ndoa na familia wala wahudumu wa ustawi wa jamii wenye leseni, ambao ndio wengi katika kazi hii. Kwa hiyo mnapotafuta, ulizeni mapema, "Una kibali cha PSYPACT?" na mtaje majimbo unayopita.

Kuhusu mshauri wa nyumbani, bima za huku hazitamlipa, kwa sababu hana leseni ya jimbo lenu wala mkataba nazo. Mnaweza kumlipa kutoka mfukoni, na kwa wanandoa ambao shida yao ni ya mahari, ya fedha zinazotumwa kwa ndugu au ya wakwe, mtu anayeyajua mambo hayo kutoka ndani ana thamani yake. Lakini kama mmoja wenu ana huzuni nzito au anafikiria kujidhuru, anahitaji mtaalamu aliye hapa, anayeweza kumpeleka hospitali ya hapa. Kwa dharura ya namna hiyo, namba ni 988.

Kwa upande wa kadi, bima ya mkeo ndiyo ya kuangalia kwanza, ikiwa atakubali na uchunguzi ukionyesha hivyo. Dirisha la kubadilisha bima yako ya soko katika majimbo mengi hufunguka tarehe 1 Novemba kila mwaka, kwa hiyo kama mnadhani tiba itaendelea mwakani, lipigieni hesabu wakati huo.

#8 Mchangiaji, mkalimani, Louisville

Naomba niongeze jambo ambalo naliona kazini kila wakati. Wenzetu wengi waliotoka Kongo kupitia kambi za Tanzania, Uganda na Burundi wana Medicaid, yaani bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na mara nyingi mmoja akipata kazi kiwandani anapata bima ya mwajiri huku mwenzake na watoto wakibaki Medicaid. Wanafika kwa mtaalamu asiyepokea Medicaid, wanaambiwa basi tutumie kadi ya mume, na mazungumzo yote yanakwenda kwa Kiingereza kwa sababu mume anakijua kidogo. Mke anakaa kimya, au mume anamtafsiria. Ndugu zangu, hakuna tiba pale. Mtu hawezi kumtafsiria mwenzake malalamiko yanayomhusu yeye mwenyewe. Nimeshuhudia sentensi ndefu ya mama ikigeuzwa kuwa "anasema yuko sawa".

Kliniki inayopokea fedha za serikali kuu, ikiwemo ile inayopokea Medicaid, inatakiwa kutoa mkalimani bila kumtoza mgonjwa, na haitakiwi kumtegemea mwanafamilia, sembuse mtoto. Kwa hiyo kliniki ya Medicaid ambayo mwanzoni inaonekana duni inaweza kuwa bora kwa wanandoa hawa kuliko ofisi nzuri ya mjini, kwa sababu ina ukalimani na pia mgonjwa hadaiwi mamia ya dola. Mnapopanga miadi, semeni wazi: tunahitaji mkalimani wa Kiswahili, na kama ni Kiswahili cha Kongo msione haya kutaja hivyo, maana mkalimani aliyezoea cha pwani anaweza kupitwa na mengi. Medicaid huendeshwa na kila jimbo kwa kanuni zake, kwa hiyo ulizeni jimboni kwenu kama 90847 inalipiwa na ni wataalamu wa aina gani wanaokubaliwa.

#9 Mchangiaji, Dallas

Vipi kwa ambao hawataki mtu yeyote aandikwe kuwa mgonjwa? Mimi na mwenzangu tuna afya zetu, tunachotaka ni kujifunza kuzungumza bila kupigiana kelele. Je, tuache bima zote mbili tulipe taslimu?

#10 Mleta uzi

Huo ni uamuzi halali kabisa, na katika hali kama yenu ndio ninaoupendekeza, lakini kuna mahali pa kupita kabla ya kufungua pochi. Waajiri wengi wana mpango wa kuwasaidia wafanyakazi, tofauti na bima ya afya, unaotoa vikao vichache vya bure. Mara nyingi unawahusu pia watu wa nyumbani mwa mfanyakazi, na hauhitaji ugonjwa wowote kuandikwa. Kwa kuwa mna waajiri wawili, inawezekana mna mipango miwili, na hapa ndipo kuwa na kazi mbili tofauti kunapowafaidi. Ulizeni ofisi ya utumishi pande zote mbili. Hamlazimiki kueleza sababu. Familia za wanajeshi zina huduma ya namna hiyo iitwayo Military OneSource.

Mkilipa taslimu, sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022 inampa asiyetumia bima haki ya kupewa makadirio ya gharama kwa maandishi kabla ya huduma. Bili ikizidi makadirio hayo kwa dola 400 au zaidi, mnaweza kuipinga rasmi ndani ya siku 120. Ombeni pia bei ya kulingana na kipato, kwa sababu wataalamu wengi hutenga nafasi chache za namna hiyo na hawazitangazi. Vyuo vinavyofundisha tiba ya ndoa na familia huwa na kliniki ambako wanafunzi wa shahada ya uzamili hutoa huduma kwa bei ndogo chini ya usimamizi wa walimu wao, na mimi nimeona kazi nzuri ikitoka huko.

Angalizo kwa wenye akaunti za akiba ya matibabu zisizokatwa kodi: fedha hizo ni za kutibu ugonjwa. Ushauri wa ndoa usiotibu ugonjwa wa mtu yeyote hauhesabiwi na mamlaka ya kodi kuwa gharama ya matibabu, kwa hiyo msitelezeshe kadi ya akaunti hiyo kwa mazoea.

#11 Mchangiaji, Houston

Nimerudi kutoa taarifa. Tulikaa na mke wangu jana jioni, tukaweka kadi zote mbili mezani na kupiga simu za nyuma ya kadi moja baada ya nyingine. Kwa bima yangu, mhudumu alisema "ndiyo, afya ya akili inalipiwa", na nilipotaja 90847 alinisubirisha kidogo akaenda kuuliza, kisha akarudi akasema inahitaji idhini ya awali. Kwa bima ya mke wangu haihitaji. Mke wangu amesema yuko tayari kuchunguzwa, lakini ameweka sharti kwamba tukubaliane kwanza kuwa jambo hili halitoki kwenda kwa ndugu wa upande wowote, kwa sababu amesoma alichoandika dada wa Minneapolis. Nimekubali. Je, kuna jambo jingine tuliloliacha?

#12 Mleta uzi

Mmefanya vizuri sana, na hilo sharti la mkeo liwekeni mbele ya mtaalamu pia siku ya kwanza.

Yamebaki machache. Kila simu mnayopiga, andikeni tarehe, jina la mhudumu na namba ya kumbukumbu ya mazungumzo, kwa sababu kampuni ikija kukataa dai baada ya kusema inalipia, namba hiyo ndiyo tutakayoanza nayo tukikata rufaa. Mwambieni mtaalamu kwamba mkeo ana bima ya pili ambayo ni yako, ili kisanduku cha 11d kijazwe sawasawa tangu dai la kwanza. Kikao cha kwanza cha uchunguzi hutumwa kwa namba 90791, na bei yake ni kubwa kuliko ya vikao vinavyofuata, kwa hiyo msishtuke taarifa ya kwanza ikifika na tarakimu nene. Na kwa kuwa mipango mingi huanza upya kuhesabu tarehe 1 Januari, ila michache hufuata mwaka wa mwajiri na kuanza Julai au Oktoba, ulizeni tarehe hiyo kwa kadi zote mbili kabla hamjapanga miadi ya mwisho wa mwaka.

Taarifa ya kwanza ya mchanganuo ikifika na ikawa na jambo msilolielewa, funikeni majina na namba za kadi, muiweke hapa, tutaisoma pamoja mstari kwa mstari.